Maji ya Kuku pale Chini ya Mpera

Magamba, Mpanda
23 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa Deogratias,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini barua hii itakukuta salama, wewe, wifi Lidia na watoto wote. Nataka kujua kama kifua cha Ponsian kimepoa, maana mara ya mwisho ulisema anakohoa hasa asubuhi. Huku mimi ni mzima. Mama naye hajambo kwa kiasi chake. Plasta ya mkono ilitolewa Jumanne iliyopita, vidole vinakunja vizuri, ingawa kuinua sufuria yenye maji bado. Mzee Kashinje na mkewe wanakusalimu sana. Mzee anasema ile redio yake uliyoichukua kwenda kuitengeneza sasa imeshakuwa mwenyeji wa Tabora, kwa hiyo uiulize yenyewe kama inataka kurudi.

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu zipo. Simu yetu sehemu ya kusikilizia ilishakufa, bila kuweka sauti ya nje husikii kitu, na ukiweka sauti ya nje Mama anasikia kila neno hata akiwa jikoni. Haya ninayotaka kukuambia sitaki ayasikie kabla hayajafika kwako. Bahati nzuri Silvester fundi cherehani anakuja Tabora kesho kutwa kwa treni kufuata vitambaa, nimemwomba akukabidhi mkononi. Mpe hata chai, ni mtu mwema ingawa anaongea mno.

Mvua zimekuwa za kubabaisha. Zilianza vizuri, Februari zikakata wiki mbili nzima tukasema basi, halafu zikarudi. Mahindi ya shamba la chini yamekomaa, ya juu ni hivyo hivyo. Paa la jiko nimeliezua na kuezeka upya upande mmoja. Mimi bado nauza mchele kule sokoni Kashaulili siku nne kwa wiki, nyingine nipo nyumbani.

Sasa Mama. Siku ile ulipopiga simu ukasema baada ya Pasaka unakuja na gari kumchukua akakae kwako, kwamba mji huu umeshakuwa hatari kwake, kuku wauzwe na nyumba itafutiwe mpangaji, mimi nikibakiziwa chumba kimoja, Mama hakukubishia. Alisema sawa mwanangu, na wewe ukashukuru ukakata simu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeishika hiyo simu, na ninakuambia kwamba ile sawa haikuwa ya kukubali. Kesho yake alimwita mke wa Mzee Kashinje akampa yule koo wake mweusi mwenye kishungi, kuku ambaye hata paroko asingechinjiwa, akamwomba amtunze vizuri. Juma lililofuata akagawa mtungi wa Bibi. Juzi nimemkuta amekaa mlangoni pa jiko mikono iko mapajani, hachambui wala hapepeti, nikamuuliza anafanya nini, akasema anapumzika. Wewe na mimi tumezaliwa na yule mwanamke. Lini ulimwona anapumzika saa nne asubuhi?

Ndiyo maana naandika kabla ya Pasaka. Wewe umeamua kumhamisha kwa sababu ya ile ajali yake, na ulivyoambiwa kuhusu ajali si kweli. Ili unielewe inabidi nianze na habari za kuku, na naomba usicheke.

Niliporudi hapa miaka miwili iliyopita, baada ya ndoa yangu kuishia ilipoishia, nilimkuta Mama na kuku kumi na wanne. Utaratibu wake unaujua kwa sababu ni ule ule wa tangu tukiwa wadogo. Pumba anamwaga kwenye jiwe bapa pale kulia kwa mlango wa jiko. Maji yako kwenye karai kuukuu chini ya mpera, katikati ya njia ya kwenda chooni. Maji mengine yako kwenye kigae cha mtungi pembeni ya ukuta wa choo chenyewe. Kila alfajiri anamwaga pumba, anasubiri kidogo, ndipo anaendelea na safari zake. Nilikuta karai limejaa pumba zilizochacha, mlango wa jiko umejaa kinyesi, na kigae kinapigwa na jua mchana kutwa. Vifaranga walikuwa wanakufa, na mayai tulikuwa tunahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwaka jana akaja Faith, afisa mifugo wa kata. Watu wa hapa wanamwita bwana mifugo ingawa ni binti mwenye hereni, na anaitika. Alitufundisha sisi kina mama wa kikundi cha wafugaji pale ofisi ya kata, kisha akawa anapita mji kwa mji. Alipofika kwetu akazunguka, akachuchumaa pale kwenye karai, akachovya kidole akanusa. Alituambia kuku akitoka kula mdomo umejaa pumba, anakwenda kuuoshea kwenye maji, kwa hiyo chakula na maji visigusane lakini visiachane sana, hatua tatu au nne zinatosha. Maji yakae juu ya matofali, usawa wa mgongo wa kuku, asiweze kuparuria uchafu ndani. Yawe kivulini, maana kuku hanywi maji ya moto, na asiyekunywa hali, na asiyekula hatagi. Vyombo viwe zaidi ya kimoja, kwa sababu jogoo mbabe akisimama kwenye kimoja, wanyonge wanakaa na kiu. Kisha akasema mlangoni pa jiko si mahali pa kulishia kuku, na chooni si mahali pa kunyweshea. Nyuma ya ghala, chini ya upenu, akasema panafaa zaidi. Pana kivuli siku nzima na hapapiti mtu.

Mimi maneno hayo yaliniingia. Unanijua napenda kitu kikae kwa mpangilio. Mama yalimpita. Alimjibu Faith kwa heshima kwamba asante mwanangu, lakini hao kuku walizaliwa wakakuta maji yapo pale, na wanapajua. Faith alipoondoka nikamwambia Mama tuhamishe. Akakataa. Nikamwambia tena juma lililofuata, akakataa. Nilimweleza habari ya pumba kuchacha, akasema atakuwa anaosha karai mara mbili kwa siku, na kweli akawa anaosha. Nilimweleza habari ya jua, akasema mpera una majani. Tukaendelea hivyo miezi. Nilidhani ni ubishi wa uzee, na nilikuwa nasema hivyo hata kwa wenzangu sokoni, tunacheka.

Baada ya Krismasi katekista Gabrieli akaja kututembelea na wazee wawili wa jumuiya. Mama akafurahi, akasema wageni hawaondoki hivi hivi. Akaingia bandani, akarudi amembeba kuku kwa mabawa ili awaonyeshe kabla hajachinjwa, kama desturi inavyotaka. Akamwinua mbele ya katekista akasema huyu mwekundu ndiye wenu, nilimtunza kwa ajili yenu. Kuku alikuwa mweupe, Kaka. Mweupe kama ugali, tena alikuwa anaatamia. Katekista alicheka sana, akadhani Mama anamtania kuhusu macho yake mwenyewe kwa kuwa siku hizo yeye katekista alikuwa amevunja miwani. Wazee nao wakacheka. Mama akacheka pamoja nao. Nilimpokea yule kuku nikamrudisha kwenye mayai yake, nikakamata mwingine. Tukala, tukasali, wakaenda zao.

Januari ikapita. Faith akatangaza kwamba kikundi kitachagua mji mmoja wa mfano, kina mama wengine wawe wanakuja kujifunza hapo. Nilitaka uwe wetu. Sitakudanganya, nilitaka sana. Tangu nirudi hapa mimi ni yule aliyeolewa akarudi, hata wasiposema naona wanavyoniangalia, na nilitaka waje kwangu wajifunze kitu. Mwanzoni mwa Februari wakaja kukagua, Faith na kina mama kama kumi na wawili. Nilikuwa nimeshawaeleza kwa mdomo jinsi nitakavyopanga kila kitu nyuma ya ghala. Mama akatoka jikoni akawaambia kwamba hapa hakihamishwi kitu. Esteria, mwenyekiti wetu, akamuuliza kwa utani kama mwenye mji ni yeye au ni binti yake. Mama akajibu kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wakacheka wote. Wakaenda kwa Esteria, na mji wa mfano ukawa wa Esteria.

Siku mbili baadaye Mama alianguka. Uliambiwa kwamba alfajiri wakati anakwenda chooni aliteleza kwenye matope akauvunja mkono. Muuguzi aliambiwa hivyo, katekista aliambiwa hivyo, mimi nilikupigia simu nikakuambia hivyo hivyo. Wewe ukasema uwanja ule unateleza, ulisema tangu zamani, na ukaanza mipango ya Tabora. Lakini nimekuandikia hapo juu kwamba Februari mvua ilikata wiki mbili. Ilikuwa ndani ya wiki hizo. Uwanja ulikuwa mkavu, unapasuka.

Kaka Deo, Mama haoni. Anaona mwanga na giza, anaona kivuli cha mtu akisimama mlangoni, basi. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yamefunga taratibu kwa miaka mitatu au minne bila yeyote kati yetu kujua, kwa sababu anajua nyumba yake kwa mikono, na watu anawajua kwa sauti. Uwanjani anatembea kwa kuku. Anamwaga pumba pale jiweni, wanakula, wakishiba wanakwenda kunywa. Anasimama mlangoni anasikiliza. Wakianza kugombania karai, anajua mpera uko pale, anatembea kuelekea kwao. Akifika kwenye mpera anasikiliza wale wa kwenye kigae, anajua choo kiko pale. Anarudi vivyo hivyo. Ndiyo maana hakutaka kihamishwe kitu. Hakuweza kutuambia sababu bila kutuambia ya macho.

Hadi hapa ukinionea huruma, subiri kwanza.

Mimi nilijua. Sikujua baada ya kuanguka, nilijua kabla. Nilijua siku ile ya katekista, nilipompokea kuku mweupe mikononi mwake. Nilimfuatilia siku mbili kwa macho bila kusema, nikaona anavyosimama mlangoni kutega sikio, na siku ya tatu nikamuuliza. Alilia kidogo, kisha akaniapisha kwa rozari yake nisikwambie, kwa sababu alisema ukijua utakuja na gari. Niliapa. Nikakaa na jambo hilo mwezi mzima, na mwezi huo huo bado nikaendelea kumsumbua kuhusu karai, nikijiambia kwamba atazoea mahali papya kama alivyozoea pa zamani. Nilikuwa najidanganya, na nilijua najidanganya.

Siku waliyocheka kina mama, nilikasirika kiasi ambacho sijawahi. Lile neno la kamba mguuni liliniuma kwa sababu ni kweli. Jioni ya siku iliyofuata Mama alipokuwa ndani anasali, nilibeba karai na kigae nikavipeleka nyuma ya ghala. Nikapanga matofali manne, nikaweka maji juu yake, usawa wa mgongo wa kuku, kama Faith alivyosema. Pumba nikazihamishia hatua nne kutoka hapo, asubuhi nikazimwaga mwenyewe kabla Mama hajaamka. Kila kitu nilifanya sawasawa. Mama sikumwambia. Nilitaka atoke, apotee kidogo, aniite, na akiniita nimwambie kwamba sasa ajue nani mwenye mji. Sikutaka aumie, hilo Mungu anajua. Lakini nilitaka aniite.

Hakuniita. Alitoka, akasikia kuku wanakunywa, akatembea kuelekea kwenye maji kama siku zote. Nilikuwa nimesimama bandani namwangalia. Niliona anakwenda upande wa ghala badala ya choo na nilikuwa na muda wa kusema. Nilisema alipokuwa ameshajikwaa kwenye matofali. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia nilikuwa mimi, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Tukiwa kwenye bodaboda kwenda hospitali, yeye akiwa katikati na mimi nyuma nimemshika, nilikuwa najiandaa kumwambia muuguzi ukweli. Tulipofika, Mama akanitangulia. Alisema ameteleza kwenye matope. Muuguzi aliandika. Jioni nilipomuuliza kwa nini amesema hivyo, alinijibu kwamba Deo akiambiwa ni matope atauchukia uwanja, na akiambiwa ni Jeniffer atamchukia dada yake, na uwanja hauna shida ya pa kulala. Kisha akaniomba kwamba siku nyingine nikihamisha kitu, nimwambie. Hakusema lingine, na hajasema lingine mpaka leo.

Kwa hiyo kaka yangu, mji huu si hatari. Mama amekaa humu haoni miaka mitatu na hakuwahi kujikwaa hata mara moja, mpaka mwanawe alipompangia matofali. Anapoteza mji wake ili mimi nibaki na pa kulala, na mimi nimekaa kimya wiki sita nikimwangalia anagawa kuku. Siwezi tena.

Vyombo nilivirudisha siku ile ile ya hospitali. Baadaye nilimweleza Faith, yeye peke yake. Kisha akaja na hakuleta somo. Alisema mahali si sheria, kinachoua kuku ni uchafu na jua. Tumejenga kibanda kidogo cha nyasi juu ya kila chombo pale pale vilipo, karai limekaa juu ya tofali moja lililofukiwa nusu, kigae kimesogezwa hatua moja tu kutoka ukutani, na hatua hiyo Mama ameipima kwa miguu yake nikiwa nimemshika. Jiwe la pumba nalifagia mimi kila asubuhi. Kuku wametaga juma hili zaidi kuliko juma lolote la mwaka jana. Jambo hilo lingewezekana tangu mwanzo kama ningeuliza badala ya kushindana.

Naomba sasa unisaidie jambo moja. Jumapili baada ya Misa mpigie Mama. Mwambie humchukui, kuku hawauzwi na nyumba haipangishwi. Usitaje macho. Akishasikia hilo la kwanza, la macho atakuambia mwenyewe. Tumesikia madaktari wa macho watakuja Mpanda mwezi wa tano, na muuguzi ameniambia mtoto wa jicho anatolewa na mtu anaona tena. Nimembembeleza Mama akaandikishwe, amekataa katakata. Anasema daktari ataandika kwenye karatasi kwamba haoni, na karatasi hiyo itafika Tabora. Upasuaji wenyewe wala hauogopi. Anakuogopa wewe kuliko kisu, Kaka, na mimi ndiye niliyekupa sababu ya kuja.

Na kama unaona ni lazima mtu aondoke hapa kwa ajili ya ile ajali, basi niondoke mimi niliyeisababisha. Nguo zangu zinaenea kwenye begi moja na pa kwenda nitapatafuta. Nakuomba tu uniache hadi mwezi wa tano nimpeleke hospitali na kumrudisha, maana njia ya kwenda huko haina kuku wa kumwongoza.

Nisalimie wifi Lidia, Ponsian na wadogo zake, na majirani wote wanaotufahamu. Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sikuletei, utazipokea mwenyewe Jumapili. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Jeniffer